"Huyu Yu Hai!": Dereva Asumadu Anakabidhi Ufunguo

Kwa miaka ishirini Bwana Yaw Asumadu ameendesha gari la wagonjwa la kituo chetu hapa Kumasi, na Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, anakabidhi ufunguo na kustaafu. Kamati ya sherehe ya kumuaga imeniomba mimi, Adwoa Dufie, niandike wasifu wake kwa sababu nimekaa nyuma ndani ya gari lake muda mrefu kuliko mhudumu mwingine yeyote. Nimekubali. Ushahidi ni nundu zilizo kichwani mwangu.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa dereva wa lori la ndizi, na kwa miezi ya mwanzo hakuona sababu ya kubadili mwendo. Mji ndio uliomfunza adabu. Hapa kwetu, ikifika mwisho wa wiki, king'ora maana yake ni maiti anatolewa mochwari kupelekwa kwenye mazishi, na hakuna dereva anayempisha maiti.

"Wee masa, marehemu ana haraka gani?" utingo wa trotro, basi dogo la abiria, alimuuliza wiki yake ya kwanza; masa kwetu ni bwana mkubwa. "Mwambie atulie, kaburi halihami!"

Ndani ya gari alikuwamo mwalimu mstaafu aliyebanwa na kifua. Alikuwa macho na alisikia yote.

Siku ya pili Asumadu akanunua kipaza sauti cha mkono kwa muuza dawa za minyoo. Tangu hapo akawa anaendesha kwa mkono mmoja, kichwa nje ya dirisha, akinguruma: "Pisheni! Huyu yu hai! Yu hai!" Watu walipisha, ingawa wengine walitaka kwanza kuchungulia wahakikishe. Wauza maji walikimbia kando ya dirisha wakimpungia mgonjwa mkono. Kasoro ilikuwa kitufe chake chekundu, ambacho bado kilihifadhi sauti ya mwenye mali wa kwanza. Akikibonyeza kwa bahati mbaya, soko zima la Kejetia lilitangaziwa dawa ya minyoo na muwasho.

Hata hivyo alijua kwamba moyo ukisimama, hausubiri sisi tutoke kwenye foleni. Aliye karibu ndiye wa kuanza kukandamiza kifua. Basi kila Jumapili aliazima mdoli wa mafunzo, akambeba begani mpaka nyumbani kwa mama mkwe wake, Maame Birago, muuza vitambaa mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake.

"Serwaa mwanangu," Maame alimlalamikia binti yake, "wenzio wameolewa na wahasibu, wewe ukachagua dereva wa maiti. Na leo kaniletea maiti wa mpira sebuleni!"

Asumadu alicheka tu. "Mama, hii ni kama kutwanga fufu. Mikono katikati ya kifua, kwa nguvu, haraka haraka, bila kupumzika. Ila mchi tunauacha jikoni."

Serwaa alimtwanga mdoli kila Jumapili. Maame hakukubali hata kumgusa.

Ndipo ikaja Jumamosi ya mazishi ya jirani yao. Maame Birago alianguka katikati ya waombolezaji, na kina mama wakadhani ni uchungu wa msiba. Wakampepea, wakamsifu kwa kumpenda marehemu. Serwaa aliona kwamba mama yake hapumui. Akapiga magoti na nguo yake nyeusi, akaanza kutwanga.

"Binti, mwache mama apumzike na huzuni yake," mjomba mmoja akamshika bega.

"Mjomba, toa mkono nisije nikakutwanga na wewe! Piga simu!"

Tulimkuta bado anatwanga, jasho linamtiririka. Nikampokea, nikaikata nguo ya Maame kwa mkasi, mashine ikaushtua moyo mara moja. Moyo ukagoma. Tukampakia na kuondoka, mimi nikikandamiza, Serwaa akihesabu kwa sauti, na Asumadu huko mbele akipaza: "Huyu yu hai! Jamani, mama yangu huyu, yu hai!"

Haikuwa kweli. Mimi ndiye niliyekuwa na vidole shingoni mwake kutafuta mapigo, na sikuyapata. Nilitaka kumwambia, nikashindwa. Alikuwa analia huku anapiga kelele, na kwa kuchanganyikiwa akabonyeza kitufe chekundu, hivyo watu wa Suame walisikia kwamba mama mkwe yu hai na minyoo inatoka kwa siku tatu.

Kwenye mzunguko tukakwama kabisa. Kwa mara ya kwanza niliishukuru foleni, kwa sababu gari lilitulia na mashine ikatoa mshtuko wa pili. Nikaendelea kutwanga, kisha nikagusa tena shingo. Nikagonga kioo kinachotutenga na dereva.

"Masa," nikamwambia, "sasa ni kweli."

Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Siku ya tatu Maame Birago alifumbua macho hospitalini na kuuliza mwenyewe: "Nani kakata nguo yangu?" Asumadu akamnunulia nyingine kesho yake, na hakujawahi kuonekana mwanamume anayelipia kitambaa akiwa na furaha vile.

Kwenye sherehe Maame atakaa mstari wa mbele akiwa ameivaa nguo hiyo mpya. Yeye ndiye atakayemkabidhi dereva mpya kipaza sauti, kwa sharti kwamba yeye apewe nafasi ya kukijaribu kwanza. Ameonywa kuhusu kitufe chekundu. Amejibu kwamba hafundishwi kazi na waharibifu wa nguo.

Asante, masa, kwa kila mtu uliyempigia kelele kabla sisi wa nyuma hatujawa na uhakika. Nenda ukale fufu kwa mkweo kila Jumapili, wewe na Serwaa. Tunakuombea uzee mrefu wenye foleni fupi, na popote utakapopita mji huu, wakupishe na kuambiana kwa furaha: huyu yu hai.