Mama wa Ndani ya Simu

Benchi liko ubavuni mwa meza yangu, hapa Katuba, kwenye kona ambapo mvua imeila barabara mpaka magari yanapita kwa kuinama. Mimi ni Victorine. Nauza kahawa na bitumbula ninavyokaanga papo hapo, na wanaume wanaokaa pale nawajua kuliko wake zao wanavyowajua. Kuna Constantin, tunayemwita Procureur, yaani mwendesha mashitaka, kwa sababu hawezi kusikia habari bila kutafuta mshitakiwa. Kuna Laurent, jina lake Réseau, yaani mtandao, maana kila uvumi wa kwenye simu humfikia yeye kwanza. Kuna Nkandu, dereva wa lori la Zambia, mtu mpana wa maneno machache, huyo ni Remorque, trela. Na kuna muzee Rigobert, mstaafu wa reli, ambaye hana jina la utani kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumpa. Asubuhi hiyo alikuja amevaa suti yake ya misa, ingawa ilikuwa Jumanne, na hakuomba kahawa.

— Muzee, nani amekufa? akauliza Procureur.

— Hakuna mwenye amekufa. Ninangojea bantu ya chambre ya maombi. Banakuya kumukamata Syntiche.

Nikaweka kijiko chini. Chambre ile tunaijua. Ni nyumba iliyoko mbele ya Kasungami, wanakofungia watoto na kuwaombea bila chakula mpaka pasta aseme roho imetoka. Wengine hutoka wamekonda tu. Mmoja wa mtaa wetu alitoka hasikii vizuri sikio la kushoto.

Syntiche ni mjukuu wa muzee, ana miaka kumi na mitatu. Baba yake alitangulia Afrika Kusini akapotelea huko. Kisha mama yake, Mujinga, naye akaenda, anasuka nywele za watu Cape Town. Mtoto akabaki kwa babu. Mwanzoni alikuwa anakuja mezani kwangu ananisaidia kufukuza nzi huku anaimba. Tangu mvua zianze, sauti ikakatika. Akaacha shule. Bukari, ugali wetu, akawa anaitazama tu sahanini mpaka inapoa.

— Lakini kuna nini ya mupya? nikauliza.

Muzee akavua kofia.

— Jana Mujinga aliita na video. Nikamupa mutoto simu. Akaangalia, akaangalia. Akasema, huyu haiko mama. Akaitupa mu ndoo ya maji. Kiisha akaambia batoto bengine basiangalie, ati iko kitu inajifanya mama.

Procureur akasukuma kikombe chake pembeni.

— Tantine yake, mutoto yangu mwengine, akapiga kelele, mulozi! muzee akaendelea. Akaita pasta. Pasta anasema mutoto iko na mama wa pili, wa chini ya maji.

— Chini ya maji wapi? akasema Réseau. Muzee, hii njo simu. Niliona video moja. Banakamata sura yako, banakamata sauti yako, mashini inaanza kusema mu fasi yako. Hata kikohozi yako inakohoa. Pengine Mujinga haiko tena Cape Town. Pengine tangu mwaka moja munasemaka na mashini.

— Feza Mujinga anatumaka ni ya nani? akauliza muzee.

— Mashini inatuma.

— Mashini inasuka nywele? Procureur akamkata. Wewe Réseau, batrie yako imeisha. Mi nauliza: huyu mutoto alikula kwa nani? Kuna mwalimu fulani alimupa biskuti, hii nilisikia. Njo pale ilianzia. Bulozi ya siku hizi haingie na usiku, inaingia na biskuti.

— Na simu? akauliza Réseau.

— Simu ni mlango! Hii simu iko na nini ndani? Cobalt. Cobalt inatoka wapi? Hapa kwetu, mu mashimo yenye imefunika bantu. Inaenda mbali, inarudia na roho zabo. Mutoto anasikia benye bako mule ndani. Siye bakubwa masikio yetu imeziba.

Nilitaka kucheka. Lakini nilimwona muzee anasikiliza kila neno, anapokea yote kama mtu aliyepewa dawa asiyoijua.

— Mi naenda mbali zaidi, Réseau akasogea mbele. Pengine haiko mama mwenye alibadilishwa. Mutoto mwenye anaimba, ule wa zamani, muko sure alibakia? Pengine alienda na mama yake. Hii yenye ilibakia ni...

— Ni nini? akauliza muzee.

Réseau akarudi nyuma kwenye benchi.

— Sema. Hii yenye iko mu nyumba yangu, yenye nalala nayo ukuta kwa ukuta, ni nini?

Mafuta yalikuwa yanaungua, nikayasahau. Muzee alikuwa ameupa mgongo upande wa nyumba yake. Nikajua kwamba anamwogopa. Anamwogopa mtoto aliyemfundisha mwenyewe kutembea.

— Papa Rigobert, nikasema, pale centre de santé, kule banatibiaka bantu, kuna mama docteur, anasikilizaka batoto. Mumupeleke kwanza kule.

— Kwa bafou? Procureur akaruka. Kwa bantu ya wazimu? Akiingia pale, nani atamuoa?

— Nilimuuliza Mujinga, muzee akasema polepole. Alikataa. Alisema, nateseka huku juu ya huyu mutoto, musimuandike mu kitabu cha bafou.

— Mi naendaka kule.

Tuligeuka sote. Alikuwa Remorque. Macho yake yalikuwa ndani ya kikombe.

— Unaendaka wapi?

— Kwa docteur wa kichwa. Kila mwezi. Munafikiriaka naenda Likasi kusalimia bashemeji. Akavuta pumzi. Ile accident ya njia ya Kasumbalesa, yenye chauffeur mwenzangu alikufa. Kiisha pale sikuweza kushika usukani. Nikifunga macho namusikia anaita jina yangu. Bibi yangu alinipeleka kwa pasta watatu. Wa tatu alinipiga. Kiisha nikaenda kwa docteur. Hakunifunga. Aliniuliza, nikamuambia, ananipa kidonge, narudia. Njo maana naendesha.

Kisha nikaona kitu ambacho sitakisahau: Procureur akajisogeza kidogo kwenye benchi, upande wa pili, kama mtu anayekwepa jua. Remorque aliona pia. Akanywa kahawa yake.

Hapo akajitokeza mama mmoja na sahani tupu. Alikuwa Lydie, mpangaji mpya wa nyuma ya duka, hajamaliza hata mwezi mtaani. Alikuja kuchukua bitumbula vya watoto wake. Alikuwa amesimama pale muda, sisi hatukumwona.

— Bapapa, munisamehe, akasema. Siku mama yake alienda, nani alimuambia mutoto?

— Kumuambia nini? akauliza Procureur.

— Kama anaenda. Kama hatarudia mangaribi.

Procureur akamtazama Réseau. Réseau akamtazama muzee.

Muzee akafungua kola ya shati.

— Mutoto alikuwa analala, akasema mwishoni. Mujinga hakutaka machozi. Tukamuambia mutoto, mama ameenda Kasumbalesa, ku mpaka, kununua bunga, atarudia siku ya posho, Jumamosi. Jumamosi akavaa robe yake ya muzuri, akakaa ku mlango.

— Na mama hakurudia, akasema Lydie.

— Tukasema, Jumamosi ingine.

— Kiisha?

— Kiisha simu ikaanza kuita. Tukamupa simu. Tukasema, huyu njo mama.

Lydie akaangalia sahani yake. Ndipo gari likatokea, combi nyeupe ya chambre ya maombi, ikasimama mbele ya benchi kwa sababu haikuweza kuvuka shimo. Wakashuka vijana wawili na mtu wa makamo mwenye Biblia ya zipu kwapani.

— Muzee, tuonyeshe nyumba. Mutoto amefunga?

Rigobert akasimama. Remorque naye akasimama, akaenda kujipanga ubavuni mwake.

— Leo haendi, muzee akasema.

— Namna gani haendi? Pasta ameshaanza maombi yake. Roho inakusikia, itakaza.

— Haendi.

— Ukikataa, kitu ikimufikia, damu yake iko juu yako.

— Iko juu yangu, akasema muzee. Na ya siku zenye zimepita pia ilikuwa juu yangu. Kwendeni.

Yule wa Biblia alimpima Remorque toka kichwa mpaka viatu. Wakapanda gari. Dereva alirudi nyuma kwa hasira mpaka akagonga ndoo yangu ya maji. Muzee hakungoja waishie. Alikuwa tayari anatembea kuelekea nyumbani, haraka, suti inampwaya mgongoni.

Yaliyotokea huko alinieleza mwenyewe baadaye. Mtoto alikuwa amejifungia chumbani. Muzee akakaa chini sakafuni, nje ya mlango, akasema: mama haiko Kasumbalesa. Hakwendaka kununua bunga. Iko mbali sana, inchi ingine, anafanya kazi, na hatujue siku atarudia. Tulikudanganya. Miye wa kwanza. Akarudia tena maneno yaleyale, kwa kuwa hakuwa na mengine. Tantine alipita akasema baba yake naye ameingiwa na roho. Jua lilikuwa limeshavuka paa ndipo mlango ulipofunguka, kidogo, wa kupitisha mkono tu. Mtoto akaomba maji.

Kesho yake asubuhi walikuja wote wawili, babu na mjukuu, kwenye benchi kumngoja Remorque, aliyeahidi kuwapeleka centre de santé na gari la shemeji yake. Wanaume walikuwepo. Syntiche akakaa katikati yao, miguu imekauka, nywele hazijasukwa. Procureur hakujua aweke wapi macho. Nikampa kitumbula, akakishika bila kula.

— Baba, akamwambia babu yake. Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Mbele ya kutoka, siku ile nilikuwa nalala, mama aliniangalia?

Réseau, mwenye majibu ya dunia nzima, akainamia viatu vyake.

— Sijue, mutoto yangu, akasema muzee. Nilikuwa nje ku lori yenye ilimubeba. Sikuona.

Syntiche akauma kitumbula, nusu, akatafuna muda mrefu.

Remorque alipofika, wakapanda.

Sitasema amepona. Mama docteur alimwambia muzee mambo haya yanakwenda kwa miguu. Mujinga alipiga kelele kwenye simu aliposikia, kisha akalia, kisha akaomba naye aongee na docteur. Lile swali la mtoto alilijibu yeye mwenyewe, na alilomjibu hakuna mwingine anayelijua. Video Syntiche bado anaikataa. Sauti tu, anasikiliza, siku nyingine anajibu. Kuna asubuhi hasemi kabisa, na babu anakaa naye hivyohivyo. Tantine bado anamwita mulozi akiwa jikoni, lakini kwa sauti ya chini.

Juzi Syntiche alipita mezani kwangu, begi la shule mgongoni, akaniuliza kama bitumbula ni vya moto.

Nikavigusa kwanza nisije nikamdanganya, ndipo nikamjibu.