Mwalimu Auleria na Vitenzi vya Dirishani

Ijumaa hii, tarehe 26 Septemba, Mwalimu Auleria Kahigi anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiingereza, kumi na tisa kati ya hiyo hapa shuleni kwetu, Temeke.

Somo lililowatoa wengi jasho, yeye alilifanya mchezo. Kila mwanafunzi wa Kidato cha Pili alipewa kitenzi, na kitenzi ndicho kilichoamua aketi wapi. Vinavyofuatwa na -ing, kama enjoy na avoid, vilikaa dirishani. Vinavyodai to, kama want na promise, vilikaa mlangoni. Vinavyokubali vyote viwili vilikaa katikati, na wenye navyo ndio waliokuwa na maringo. Kitenzi kilikuwa chako hadi unamaliza shule. Nurdin, mwanafunzi wake wa zamani mwenye duka la vifaa vya ujenzi Tandika, mpaka leo wateja humwita Avoid, naye anaitika.

Mimi Projestus, ninayeandika haya, nilipoajiriwa hapa kufundisha Kiingereza mwaka 2016 niliuona huo ni utoto mtupu. Kisha nikasimamia mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne. Wakifika kwenye vitenzi, watoto waliinua macho dirishani, wakageukia mlango, ndipo wakaandika. Nikatoka mbio kumsaka anayewapa majibu. Nje nilimkuta mama muuza mihogo, nikaamua ndiye. Nikamwandikia mkuu wa shule kwamba Mwalimu Auleria anavujisha mtihani kupitia kwa mama huyo. Barua ile ingeweza kumfukuzisha kazi.

Kikao cha walimu kikamwita Noela, msichana wa dawati la mbele. Akajibu kwa sauti ndogo: "Mie nilikuwa nakumbuka tu Enjoy alikuwaga anakaa wapi, mwalimu." Walimu walicheka hadi machozi. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mama wa mihogo nilimwomba radhi, nikanunua sinia zima.

Mwalimu Auleria hakuwahi kunitajia barua hiyo. Alinikaribisha tu nikae nyuma ya darasa lake, nami nikakaa muhula mzima. Najivunia muhula ule kuliko shahada yangu.

Novemba, Kidato cha Nne wanafanya mtihani wa taifa bila yeye. Mkuu alipomuuliza nani awachukue, idara ilikuwa na walimu watatu wenye uzoefu kunizidi. Akanitaja mimi.

Ahsante, Mwalimu. Kapumzike nyumbani kwako Kipawa, Mungu akuongezee siku zenye afya na furaha. Watoto wako umemwachia yule yule aliyeandika barua, naye hatawaangusha.