Aliyeandika Nyuma ya Vipande: Marehemu Elifasi Ngowa Nzai

Nani kati yenu anajua jina la mama wa babu yake? Marehemu aliwaandikia hilo watu mia tatu na kumi na wawili, na mimi Tsofa, mpwa wake ninayesoma haya, nilimwita kibaraka.

Alizaliwa Rabai tarehe 14 Machi 1904, mtoto wa tatu wa Mzee Nzai na Mama Kafedha. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita.

Mwaka 1926 aliajiriwa karani wa masjala Changamwe, katika ofisi moja iliyotoa vipande, vitambulisho vya serikali ya Mzungu ambavyo wanaume wetu walivishwa shingoni. Mramba, kuli wa bandarini, aliandikwa humo “Jumatatu” kwa kuwa alifika siku hiyo.

“Na nikifa Alhamisi, Bwana Ngowa, mtanizika kwa jina gani?”

Marehemu alicheka mpaka machozi. Kisha aliigeuza karatasi ya kipande, akaandika nyuma yake jina alilopewa na mamake, ukoo wake, jina la mama wa babu yake, na walikozikwa wazee wake. Sheria ya kipande ilipolegea, wengi walimletea vyao aandike na kuwahifadhia.

Mwaka 1931 alimwoa Jumwa, wakajenga nyumba huko Junda. “Hilo sanduku lake la vipande ndilo mke mkubwa,” Jumwa alizoea kusema.

Siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni mwaka huu, mimi na wenzangu wa chuo tulilitoa sanduku hilo uani, tukalichoma tukiimba. Marehemu alirudi akakuta majivu.

“Mjomba, tumechoma minyororo!”

“Umesoma upande wa Mzungu tu, baba,” alisema. “Ungegeuza.”

Hakunikemea zaidi. Alianza upya kwa miguu, nyumba kwa nyumba, Mikindani hadi Mtongwe, kifua kikimbana. Wengi walikwisha kufa na majina yao. Alipofariki Jumamosi, tarehe 9 Novemba 1963, alikuwa ameyaandika upya majina arobaini na moja tu.

Ameacha mjane, Jumwa, mabinti, Sidi na Kafedha, wajukuu watano, na majina mia mbili sabini na moja juu ya shingo yangu. Mola ampumzishe, naye aitwe huko kwa jina lake kamili.

Asubuhi ya pili baada ya kuyasoma haya mazikoni, Bi Mwanasaumu wa Mtongwe alibisha hodi na kipande cha mumewe aliyekufa.

“Yuko wapi mwandishi?”

Nilimweleza. Aliketi mkekani, akanitazama.

“Ni wewe uliyechoma?”

“Ndimi, mama.”

Alikikunjua kipande juu ya goti lake, asikiachie.

“Haya, andika papa hapa, nikuone. Kisha narudi nacho.”