Darubini na Korongo Mweusi

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemsindikiza leo, aliyejulikana kwa wote kama Darubini, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa mvuvi wa kambare na msuka mikeka, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1966, ingawa mwalimu alisema alikuwa anahesabu ndege wa dirishani zaidi kuliko kufanya hesabu za ubaoni.

Tarehe 1 Aprili 1974 aliajiriwa mlinzi wa hifadhi ya kinamasi, na kila masika, ndege wa safari wanapopita kurudi kaskazini, aliandika kwa chaki kwenye ubao wa getini nani kaonekana na wapi, kwa sharti lake mwenyewe, kwamba ndege asiyeonwa na watu wawili haandikwi.

Tarehe 15 Desemba 1979 alimwoa fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu, na mke hakuacha kusema kaolewa na mtu pamoja na mabata yake.

Sasa hili tusilifunike, wote mnalijua. Tarehe 12 Aprili 2009 mdogo wake, mkata matete wa hifadhi hiyo hiyo, alimwona korongo mweusi, ambaye hakuwahi kutua pale, akaja mbio getini na matope hadi kiunoni, kaka akamuuliza alikuwa na nani, akajibu peke yake, kaka akaweka chaki chini. Mdogo akaona kaitwa mwongo mbele za watu, na miaka kumi na minne wakapeana migongo, hata kwenye harusi za watoto.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Tarehe 6 Aprili 2023, akijikongoja na fimbo, alimwona korongo mweusi kwenye maji ya kaskazini, akatazama kushoto na kulia, hakuna mtu, akarudi nyumbani bila kuandika, akamwambia mkewe kwamba sasa anajua alichomfanyia mwenzake.

Mke akaenda kwa shemeji yake, akamkuta ananoa panga, akamweleza. Shemeji akanyanyuka, akaenda getini, akaandika kwa mwandiko wake wa kuku: korongo mweusi, mmoja, maji ya kaskazini. Wafanyakazi wakamuuliza shahidi wa pili yuko wapi.

"Kaka yangu hasemi uongo," akasema. "Mmoja anatosha."

Darubini alipoambiwa alilia, akaomba amwone mdogo wake, akamtaka radhi mbele ya watoto wote, na alipofariki tarehe 3 Mei, alfajiri, aliyekuwa akimkanda miguu ni huyo mdogo wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, jirani yetu dereva aliyempeleka kliniki bila kuchoka, na wenzake wa hifadhi waliombeba leo.

Pumzika kwa amani, Darubini, nyumba yako imepatana.