Ambilikile Mwaipaja na Ukimya wa Njia ya Mbao

Mchungaji, wafiwa wenzangu, ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na kabla sijaanza kusoma historia yake naomba nitaje yale ambayo mashahidi wote wamekubaliana, kwa sababu yamesemwa mengi, hapa Euless na kule Houston. Wamekubaliana kwamba alfajiri ya Jumamosi, tarehe 22 Novemba 2025, kaka yangu alikuwa kwenye kamera yake, mwisho wa njia ya mbao iliyojengwa juu ya maji ya bwawa moja mashariki mwa Dallas, kwamba alipiga magoti taratibu akaegemeza kichwa kwenye ukingo, na kwamba rafiki yake Sadock, aliyesimama nyuma yake kwenye mbao hizohizo, alimwona, hakumwita wala hakusogea hadi picha ilipokamilika, na alipomfikia alikuta amekwisha kutuacha.

Marehemu Ambilikile Mwaipaja alizaliwa Tukuyu, wilaya ya Rungwe, tarehe 9 Aprili 1981, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1989 hadi 1995, akamaliza kidato cha sita Mbeya mwaka 2002, na Agosti 2004 akaja Houston kusomea usimamizi wa mizigo. Mwaka 2009 alihamia Garland kufanya kazi ya ghala, na Novemba hiyo, kwa kuwa alikulia penye chai isiyoacha kuwa kijani, na Houston nako hakuwahi kutazama miti kwa makini, alimpigia mama simu akiwa na hofu, akamwambia miti ya huku inakufa yote kwa pamoja. Mama alimuuliza kama amekula. Mwaka uliofuata alinunua kamera, na tangu hapo hakukosa hata mara moja majira ya majani kupukutika.

Tarehe 18 Juni 2011 alifunga ndoa na Theodora, aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto wawili, Angel mwaka 2013 na Elia mwaka 2016, na familia ikahamia Euless, alikokuwa msimamizi wa ghala karibu na uwanja wa ndege mpaka mwisho wa maisha yake.

Kuhusu ugonjwa nina machache, maana alikuwa akimeza vidonge vya shinikizo la damu na kulalamikia goti, basi. Daktari ametueleza kwamba moyo ulisimama ghafla, nami nilipomuuliza kama angeokoka iwapo angefikiwa mapema, hakusema ndiyo, wala hakusema hapana, na mpaka sasa, ninaposoma karatasi hii, akili yangu inakataa kuamini kwamba ninalisoma jina lake.

Wanaouliza kwa nini Sadock hakusogea wanapaswa kujua kwamba kabla ya jua kuchomoza picha za namna ile huchukuliwa kwa kuiacha lenzi wazi kwa muda, na hatua moja tu ya mtu hutikisa mbao na kuiharibu picha. Amri ya kutosogea na kutozungumza aliiweka marehemu mwenyewe, na kila safari aliirudia kwa utani wake, kwamba ndugu zangu, atakayetikisa mbao leo atarudi Dallas kwa miguu. Wacuka, rafiki wa Theodora, aliyekuwa nchi kavu akimimina chai, anathibitisha kwamba marehemu alizoea kupiga magoti kupumzisha goti lile, na kwamba alipomwona alicheka, akajisemea shemeji leo ameamua kusali kwanza. Hata hivyo haki inanitaka niseme na la pili, kwamba Sadock mwenyewe, bila kubanwa na mtu, amekiri kuwa aliuona mkono wa kushoto wa marehemu ukining'inia, akasita, akachagua kungoja.

Picha ya mwisho imo ndani ya kamera ya marehemu, misaipresi, ile miti iotayo bwawani, yenye rangi ya kutu imesimama majini, kila jani linaonekana, na picha hiyohiyo wengine wanaishika kama ushahidi kwamba mtu alithamini majani kuliko uhai, na wengine kama ushahidi kwamba alitii neno la rafiki yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Euless waliotupikia na kutulelea watoto, wafanyakazi wenzake wa ghalani, na jumuiya yetu ya Houston iliyosafiri usiku kucha kutufikia. Kaka, ukalale kwa utulivu, Mungu akupokee.

Limebaki jambo moja. Theodora ameomba Sadock awe miongoni mwa watakaolibeba jeneza hadi kwenye gari, wazee wetu kutoka Houston wamekataa, nami niliyesomea sheria nimepima pande zote mbili nikashindwa kutoa hukumu. Wabebaji watano kati ya sita wamekwisha simama, Sadock ameketi kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, nanyi mmesikia yote niliyoyasikia mimi, basi amueni wenyewe kama tumwite.