Cherehani Hakichaguliwi kwa Macho

Funga mlango huo, mwanangu, redio ya jirani ibaki huko huko nje. Kaeni. Wewe kifungua mimba wangu chukua kiti cha wateja, na wewe dada yake kaa hapa kitandani, upande wa miguu, nikuone uso. Daktari amekwisha sema yake na mimi nimemwelewa kuliko alivyotaka nimwelewe, kwa hiyo leo nasema mimi, na asinikatize mtu kwa kuniambia nipumzike, maana mapumziko yanayonijia hayahitaji kuhimizwa.

Nina hasira. Naanza na hilo, watu wasije wakadanganyana msibani kwamba marehemu aliondoka kwa amani. Nimelazwa hospitali siku ishirini na moja, nimerudi nyumbani kwangu nimeshikwa makwapa kama mtoto anayejifunza kusimama, na mahali kiliposimama cherehani changu cha miaka arobaini nikakuta meza ya plastiki, na juu yake kidude cheupe chenye taa ya kijani kinachonikonyeza. Mkaniambia, "Mama, hiki kina mishono mia mbili." Mia mbili! Mimi nimevisha maharusi, nimevisha maiti, nimevisha shule nzima sare zake, kwa mishono miwili tu, wa kunyooka na wa zigizagi. Hiyo mia na tisini na minane mingine ni ya nini, ya kushonea midomo ya watu?

Mnajua nilichokuwa nacho mkononi siku nilipoanguka. Lile blanketi la viraka. Juu ni vipande vya koti la ulinzi alilovaa baba yenu getini mpaka siku aliyokufa, na sare zenu za shule, na gauni nililovaa nikiwa na mimba yako wewe wa kwanza. Katikati pamba, chini bitana, na mstari unaopita tabaka zote tatu kuzishika zisitembee. Umebaki mstari mmoja. Mmoja tu, unaopita kwenye pindo la koti. Jumanne nikajiegemeza kwa mito, nikakaa mbele ya hicho kidude chenu, na kwenye pindo la baba yenu kikanivunjia sindano tatu, kikaruka mishono, na nilipogeuza chini nikakuta uzi umejikusanya kama nywele zilizotoka kwenye kitana. Nililia, ndiyo. Mlidhani ni maumivu ya tumbo.

Kifungua mimba, nitazame. Siku kumi na mbili nimekuuliza nani aliyekiuza Chuma, cherehani changu, na siku kumi na mbili umejibu, "Ni mimi, Mama, nisamehe," umeinamisha kichwa. Nilikufundisha nini wewe? Sikuwafundisha nyote wawili kwamba cherehani hakichaguliwi kwa macho? Mwenda dukani hubeba mfuko wa vitambaa vyake mwenyewe: kigumu kuliko vyote anavyoshona, akikunje mara nne, chepesi kinachoteleza, na kama anashona mablanketi, kipande chenye pamba ndani. Hukaa mwenyewe kitini akashona mwenyewe, na akimaliza hatazami juu, hutazama chini, maana upande wa juu wa mshono una adabu ya wageni, wa chini ndio unaosema ya nyumbani. Hupima nafasi iliyopo kati ya sindano na nguzo, kwa sababu gauni hupita popote lakini blanketi lililokunjwa hutaka mlango. Hutikisa meza aone kama cherehani kinatembea. Huuliza kikiharibika atakipeleka wapi, na bobini zake za kutilia uzi wa chini zinauzwa wapi. Halafu ndipo ajue rangi yake, akitaka. Lakini wewe, kwa maneno yako mwenyewe, muuzaji alitoa kitambaa chake kilichotiwa wanga kikawa kama karatasi, akashona ua, akashona bata, ukampigia makofi! Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hicho kilijitembeza mpaka kikaingia chumbani kwangu.

Na Chuma je? Usitupe mbachao kwa msala upitao, nimeyasema hayo mpaka mate yamekauka. Kile hakikuwa chombo, kilikuwa mtu wa nyumba hii. Baba yenu alipokufa kililisha watu watatu. Nikakipigia kanyagio mvua na jua, na walipokuja kuniambia nikifungie mota nikawafukuza, nikasema mota ni mguu wa mvivu. Mnakumbuka tulipohama kutoka kule kwenye nyumba ya ngazi? Tulikibeba watatu, na ngazini kikatuponyoka, kikamwangukia dada yako mguuni, kikaenda kugonga sakafu mpaka saruji ikabonyea. Nikakimbia nikakiinua, nikazungusha gurudumu, na likazunguka! Likazunguka kama vile hakuna lililotokea. Jioni ile ile kikashona. Nionyesheni hicho cheupe kinachoweza kuanguka hivyo kikaamka.

Sasa mteja wangu mmoja, yule mwalimu, amekuja kunijulia hali, akaniambia kwa kucheka kwamba amekunywa chai juu ya miguu ya cherehani changu. Mwenye mkahawa wa pale pembeni ameichomoa ile miguu akaipigilia ubao, ikawa meza, na kichwa cha Chuma amekiweka rafuni karibu na chupa za chai, kimetiwa maua ya plastiki. Maua! Kama kaburi. Kwa hiyo hili ni neno langu la kwanza la wosia, na ni amri: kesho utakwenda pale, kifungua mimba, uondoe vikombe vya watu juu ya ile meza kama ni lazima, na Chuma kirudi humu kabla mimi sijatoka.

La pili. Chumba cha kazi na vilivyomo ni vya dada yako, kwa sababu wewe baba hujawahi kushona hata kifungo kikakaa wiki. Meza ya kukatia, pasi, zile ruwaza za karatasi ya kaki zilizotundikwa nyuma ya mlango, vyote vyake. Mkasi wangu mkubwa asikatie karatasi nao. Akikatia karatasi nitajua. Nyumba ni yenu wote wawili, na atakayemwambia mwenzake "hapa ni kwangu" atanisikia ndotoni. Deni ninalo moja: gauni la mwalimu yule yule, limekatwa, halijashonwa, limefungwa kwenye kanga ya bluu. Lishonwe. Mtu asidai kitu chake kaburini kwangu. Na yule fundi wa ng'ambo ya barabara, aliyeniibia mshono wangu wa kola akawaambia watu ni wake, akija kulia msibani mpeni kiti, lakini kiwe kile kinachoyumba.

Unasema nini wewe? Nimesema asinikatize mtu. Sema kwa sauti basi, mbona unamtazama kaka yako?

Si yeye? Si yeye aliyekiuza? Nani basi?

Wewe.

Subiri. Nipe maji. Si hayo, yale ya kwenye kikombe.

Wewe, niliyekukalisha kwenye kiti hiki tangu hujafika miaka kumi, niliyekupa mikono yangu yote miwili, wewe ndiye uliyekipeleka Chuma mkahawani! Na kaka yako akala matusi yangu siku kumi na mbili akanyamaza. Kikulacho ki nguoni mwako, kweli. Kwa nini? Ulikosa nini? Haya, jibu, umekwisha kuanza.

Mguu.

Mguu gani?

Rudia hayo. "Mama, kanyagio lile mguu wangu hauliwezi tena, na tangu siku ile haujaliweza." Siku ile ya ngazi. Miaka kumi na tisa. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, na wiki ile ile nikakukalisha ushone sare, ukawa unachechemea, nami nikakwambia usijidekeze. Nilikwambia zaidi ya mara moja, eh? Usinifichie, sema. Kila siku. Haya. Kila siku. Na wewe ukakanyaga.

Niinulieni mto huu, nikae.

Nimetoka sasa hivi kuwasimulia habari hiyo kwa majigambo. Mmenisikia kwa masikio yenu. Kikamwangukia dada yako mguuni, nikakimbia, nikakiinua, nikazungusha gurudumu. Mwanangu yuko chini sakafuni, na mimi nazungusha gurudumu. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alilisikia la mkuu, alilisikia kila siku ya Mungu, na guu ndilo lililovunjika. Hasira yangu haijaisha, msidhani imeisha, ila nilikuwa nimeielekeza kwa watu wasiohusika. Wewe kifungua mimba, yale niliyokuita nayafuta, moja moja, hata lile la Ijumaa. Ulimsitiri dada yako. Mwenye haya bado yuko nyumba hii.

Na hicho cheupe, Jumanne nilikibonyeza kwa kidole tu kikaanza kushona. Mguu haukugusa chini kabisa. Kumbe. Kumbe wewe ulikwenda dukani na kitambaa chako kigumu kuliko vyote. Ulibeba mguu wako ukaujaribu, kama nilivyokufundisha, na mimi mwalimu wako, katika orodha yangu yote ile ndefu, sikuwahi kuuliza nani atakaa kwenye kiti.

Basi andikeni upya. Sauti inaniacha, sogeeni. Chuma kisirudi. Kiacheni kibebe vikombe, kimebeba vya kutosha. Mwambieni tu yule mwenye mkahawa ayaondoe hayo maua. Hicho cheupe kiwe chako, ushone magauni na mashati, kwa hayo kinafaa. Kwa mablanketi hakifai, hapo sikubali hata nikifa; utatafuta kingine, kizito, chenye mota, chenye mlango mpana, na utakaa mwenyewe ukijaribu, na kikikuuma utainuka uondoke, hata muuzaji aape kwa mama yake. Ule mstari uliobaki kwenye koti la baba yenu ushoneni kwa mkono. Wote wawili. Wewe baba utamshikia kitambaa, hilo huwezi kuliharibu. Msiharakishe. Mishono ikipinda iacheni.

Mungu awape mikono isiyochoka na watu wa kuwauliza mmechokaje. Mpendane. Mkigombana, gombaneni mchana, mle pamoja jioni. Radhi yangu mnayo, wote wawili, sina niliyembakizia kinyongo, hata... haya, hata yule wa ng'ambo. Mpeni kiti kizima.

Sasa njoo, mama. Vua kiatu. Weka huo mguu hapa, juu ya blanketi, hapa mkono wangu unapofika. Usiuvute. Kumbe ndivyo ulivyo. Kumbe kidole hiki hakikurudi mahali pake, na mimi nimepima watu wa mji mzima kwa tepu, mabega, viuno, nyayo sijapima.

Unauma? Swali hili ni la ngazini, limechelewa njiani. Usilie, nijibu. Unauma, mama? Sema taratibu. Nasikiliza.