Namba ya Siri Waliyoachiwa Kibaha

Noah ya abiria ya Maneromango ilikuwa imeshaiacha Kisarawe, na Martina, mpokea simu wa kampuni moja ya Kibaha, alikuwa anamsimulia jirani yake wa kiti jinsi alivyosimamishwa kazi. Siku ya Idi ofisi ilifungwa, lakini simu ya ofisi ikapiga nchi za nje siku nzima. "Bosi anasema niliwapa ndugu zangu ufunguo."

Jirani, Faraji, fundi wa mitambo ya simu, akacheka. "Dada, mwizi haingii mlangoni. Anapiga kutoka hukohuko aliko, anabonyeza namba ya siri, mtambo wenu unampigia anakotaka kwa gharama yenu. Namba ilikuwa ipi?"

"Moja, mbili, tatu, nne. Alituachia fundi."

"Mafundi sote tunaacha hiyo. Tukiitwa tena hatuhangaiki."

Mimi, msafiri wa kiti cha nyuma yao, nimelala nyumba nyingi. Nyumba zote kufunguliwa kwa ufunguo mmoja sijaona.

"Basi kaka, mpigie bosi wangu umwambie hivyo."

"Wateja wangu wakisikia je?"

"Kwani wao umewabadilishia namba?"

Faraji akatoa simu awapigie wateja wake. Mtandao hakuna. "Dereva, shusha!"

Faraji alirudi Kisarawe kwa bodaboda, kuwabadilishia wateja wake namba. Bosi hakupigiwa. Martina alishuka Maneromango na barua yake ya kusimamishwa. Mimi niliendelea mbele.